Mbwa Asiyeshikika Hachanjwi

Katika kaya nyingi za Magu, kuanzia Kisesa na Nyanguge hadi vijiji vilivyo pembezoni mwa Ghuba ya Speke, mtoto wa mbwa huletwa nyumbani kwa kazi inayojulikana kabla hajafika: alinde mji, ng'ombe na mbuzi. Kwa kuwa anatarajiwa kuwa mlinzi, malezi yake huanza kwa kutafutiwa ukali. Hufungwa kamba akiwa bado ananuka maziwa, huwekwa nyuma ya jiko ili asizoeane na watu, na hupunguziwa chakula asije akalala sana. Wapo hata wanaomlisha pilipili wakiamini ukali wake utamwingia rohoni. Malezi haya hutoa mbwa mwoga, na mbwa mwoga ana sifa mbili zinazoitia hasara kaya yake: huwang'ata wasiostahili kung'atwa, na siku ya kumtibu au kumchanja hashikiki.

Anayetaka kuliona jambo hili aitazame siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Afisa mifugo huweka kituo chini ya mti, karibu na shule au ofisi ya kijiji, na watoto wengi kuliko watu wazima huja wakivuta mbwa kwa kamba za katani na vipande vya mpira. Mbwa aliyezoea mkono wa mtu hushikwa shingo, huchomwa sindano na kuondoka kabla hajajua kilichotokea. Aliyelelewa kwa fimbo huchomoka, huzua vita na wenzake na kurudi nyumbani bila chanjo. Zaidi ya hapo, mbwa wakali kuliko wote hawafiki kabisa kituoni, kwa sababu hakuna mtu katika kaya anayethubutu kuwatia kamba. Kwa hiyo mbwa mwenye uwezekano mkubwa wa kung'ata ndiye huyo huyo anayekosa kinga.

Uzito wa jambo hili unaeleweka zaidi ukijua jinsi kichaa cha mbwa kinavyosambaa. Mtafiti Katie Hampson na wenzake walifuatilia wagonjwa na wanyama waliong'ata katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Waligundua kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei tu. Huo ni mwenendo wa taratibu kwa ugonjwa wa kuambukiza, na ndiyo sababu wataalamu husema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, mlolongo wa maambukizi hukatika. Lakini 70 ni wengi. Kijiji chenye mbwa wasioshikika hakiwezi kuifikia idadi hiyo hata chanjo ikitolewa bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Tukizungumza juu ya namna ya kumpokea mtoto wa mbwa nyumbani, basi, tunazungumza pia juu ya usalama wa wale watoto wanaotumwa kumvuta.

Kwa nini wiki za mwanzo zina nguvu kiasi hiki? Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, walichapisha jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine. Waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kuwaona watu. Kila kundi lilitolewa kwa wiki moja tu kukaa na watu, moja likiwa na wiki mbili tangu kuzaliwa, mengine tatu, tano, saba au tisa. Kundi la mwisho halikuguswa hadi wiki ya 14. Waliotolewa katikati ya kipindi hicho walizoea watu bila shida, lakini wale wa wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye hazikuwarekebisha vya kutosha. Wataalamu wa tabia za mbwa wamejenga juu ya msingi huo: kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 12 hadi 14, ubongo wa mbwa huandika orodha ya vitu vya kawaida duniani. Kisichoingia humo hubaki kuwa kitisho. Mtoto wa mbwa anayefungwa nyuma ya jiko katika wiki hizo hapati ushujaa wowote, orodha yake ni fupi tu.

Hapa linaingia suala la umri wa kumchukua. Huku kwetu watoto wa mbwa hugawiwa mapema mno, wakati mwingine macho yamefunguka tu, na hayo hufunguka kwenye wiki ya pili. Mtoto wa umri huo hajui kula, hana joto la kutosha, na hajajifunza kwa ndugu zake kwamba jino likizidi nguvu mwenzako hulia na mchezo hukoma. Somo hilo la kupima nguvu ya jino, mama na ndugu hulifundisha vizuri kuliko binadamu yeyote. Subiri hadi wiki ya nane. Kama mwenye mbwa hakumbuki tarehe ya kuzaa, fungua kinywa: kwenye wiki ya nane meno yote 28 ya utotoni huwa yameota. Uliza pia kama mama yake amechanjwa, na mtazame mama mwenyewe. Mama anayetetemeka na kujificha anapomwona mgeni amekwisha kuanza kuwafundisha wanawe.

Usiku wa kwanza ndio unaowashinda wengi. Atalia. Amezoea kulala katikati ya miili yenye joto, na sasa yuko peke yake mahali asipopajua, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wengine husema akiitikiwa ataharibika, atajifunza kuwaita watu kwa kelele. Hoja hiyo ina ukweli kwa mbwa wa miezi sita, lakini kwa wa wiki nane kilio ni cha hofu, na hofu ikiachwa hukua. Njia rahisi ni kuchukua kitambaa au gunia lililolaliwa na mama yake, ulitandike ndani ya boksi au tenga la nyanya lenye upande mmoja wazi, uliweke mahali anapoweza kusikia watu wakipumua: mlangoni kwa ndani, au kwenye jiko la nje lenye mlango unaofungika. Akilia, sauti ya chini au mkono uliowekwa juu yake hutosha, bila mchezo na bila chakula. Kwa kawaida kilio hupungua ndani ya siku chache. Asiachwe uani usiku huo, hasa panaposikika fisi, na asifungwe kamba shingoni, maana akihangaika ataweza kujinyonga.

Haja zake nazo zina ratiba. Mtoto wa mbwa hujisaidia akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Anayejua hivyo humtoa nje wakati huo na kumsifu palepale anapomaliza. Kumsugulia pua kwenye mkojo kunamfundisha jambo moja tu, kwamba asijisaidie mbele yako, na ataanza kutafuta uvungu wa kitanda.

Mchana kuna kazi ya kuijaza ile orodha. Azoeshwe sauti ya bodaboda, harufu ya ng'ombe wanaorudi jioni, wazee wenye fimbo, wanawake wenye ndoo kichwani, watu wa kofia na makoti ya mvua, watoto wanaokimbia. Si lazima apelekwe mbali. Akae barazani na kaya ipite mbele yake, naye apewe kipande cha chakula kila jambo geni linapotokea bila kumdhuru. Awaone kuku na mbuzi akiwa bado mdogo kuliko wao. Ajue mapema kwamba miamba na mikeka inakoanikwa michembe na matobolwa ya viazi vitamu si mahali pake, kwa kuondolewa kila anapokanyaga, wala si kwa kupigwa jiwe. Uzio wa minyaa unaozunguka miji mingi ya Usukuma unastahili tahadhari ya pekee. Mbwa anayeota meno hutafuna kila kitu, na utomvu wa minyaa huunguza kinywa na unaweza kumpofusha kwa muda. Ukimwingia machoni, yasafishwe kwa maji mengi mara moja. Mpe kitu kingine cha kutafuna, kipande cha ngozi isiyotiwa dawa au gunzi, na umwangalie asimeze vipande.

Katika mazoezi yote, lililo muhimu kuliko mengine ni dogo kiasi kwamba watu hulidharau. Kila siku, akiwa amesinzia au ameshiba, shika masikio yake na uyachungulie, fungua midomo uone fizi, shika kila kucha, tenga vidole utafute kupe na funza, kisha mshike ngozi ya shingo kwa muda mfupi kama atakavyoshikwa na mchanjaji. Dakika mbili zinatosha. Baada ya wiki moja afanye hivyo mtu mwingine wa kaya, na baadaye jirani. Faida inaonekana mara mbili: kupe anaondolewa kabla hajaleta homa, na mkono wa mtu unakuwa kitu cha kawaida. Asikemewe anaponguruma akishikwa. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa hadi akaacha kuonya hung'ata bila kutoa taarifa.

Pingamizi kubwa linajulikana: mbwa aliyezoea watu atalindaje? Mwizi atamrushia mfupa naye atatikisa mkia. Hofu hii ina msingi, maana wapo mbwa wasiobweka kabisa, lakini inachanganya mambo mawili. Kulinda eneo kunatokana na ukomavu. Mbwa wengi huanza kubwekea wageni kwa dhati wanapokaribia utu uzima, baada ya miezi sita na kuendelea, bila kufundishwa. Anachohitaji kujua kabla ya hapo ni nani wa kwake, ili atambue asiye wa kwake. Aliyefungwa peke yake hana wa kwake. Humbwekea baba mwenye nyumba, mjukuu, mwizi na upepo kwa sauti ileile, na kaya inayosikia kelele usiku kucha huacha kutoka nje kutazama. Mfano bora ninaoujua uko Namibia, ambako Mfuko wa Hifadhi ya Duma, wenye makao karibu na mji wa Otjiwarongo, tangu mwaka 1994 umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa jamii ya Kangal ili kulinda kondoo na mbuzi dhidi ya duma na chui. Mbwa hao huwekwa katikati ya mifugo wakiwa wachanga, wakue wakiihesabu kuwa familia. Hakuna anayewalisha pilipili. Ujasiri wa kumkabili chui unatokana na kule kuwa na kitu cha kutetea.

Chakula nacho kina pingamizi lake, tena la haki: kaya yenyewe inapima unga, mbwa atapewa nini? Hahitaji nyama ya buchani. Tatizo la mbwa wengi wa vijijini ni ugali mtupu na ukoko wa sufuria, ambao hujaza tumbo bila kujenga misuli wala mfupa. Kanda ya ziwa ina bahati ya dagaa. Konzi ya dagaa waliotwangwa au kuchemshwa, ikichanganywa kwenye uji mzito au ugali laini, humpa protini, na kwa kuwa dagaa huliwa mzima na mifupa yake, humpa pia madini ya kujengea mifupa. Dagaa walioanikwa kwenye mchanga waoshwe kwanza, na waliotiwa chumvi nyingi waachwe. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka huadimika na bei hupanda. Mwenye mtoto wa mbwa aweke akiba kidogo kabla. Mapanki ya sangara yanafaa yakichemshwa na mifupa yote kutolewa, kwani ile ni migumu na huchoma koo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika kwa ncha kali, asipewe. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watu hudhani ndiyo chakula chake halali, huwaharisha wengi. Hadi miezi mitatu ale mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na maji safi yawepo muda wote.

Kuna desturi moja ya chakula ninayoipinga bila kusitasita: kumpa mbwa unga au pumba zilizoota ukungu kwa kuwa haziwafai watu. Sumu ya ukungu wa mahindi, sumukuvu, huharibu ini, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika kwa namna ileile, na mdogo huathirika haraka zaidi. Mbwa akifa kwa manjano na kutapika, mwenyewe husema amelogwa au amepewa sumu na jirani, kumbe sumu ilitoka ghalani kwake mwenyewe. Tusidanganyane lakini: kaya isiyoweza kumpatia hata konzi ya dagaa kwa siku isichukue mtoto wa mbwa kwa sasa. Atakayekosa chakula nyumbani atakitafuta jalalani na kwenye mayai ya jirani, na ndipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe na kumtunza, itakapoanza kukumbukwa kwa ugomvi.

Kuhusu magonjwa, anza na minyoo. Mtoto wa mbwa huipata kutoka kwa mama yake, mingine akiwa tumboni na mingine kupitia maziwa, kwa hiyo tumbo kubwa lililokaza kwenye mwili mwembamba si dalili ya shibe. Apewe dawa ya minyoo anapofika, irudiwe baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo wanakochezea watoto, na ndiyo sababu kinyesi chake kifukiwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe kwa kukisia. Mwili wake ni mdogo, na atailamba.

Chanjo ya distempa na pavo huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa. Haipatikani katika kila duka la dawa za mifugo, hivyo afisa mifugo wa kata aulizwe mapema, kabla mbwa hajaletwa. Distempa si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1994 virusi vyake viliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walihusishwa na chanzo chake. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huchanjwa kuanzia miezi mitatu, lakini kampeni ikipita kijijini mpeleke hata kama hajafika umri huo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wasirudishwe, kisha chanjo irudiwe wakati wake.

Msomaji makini atauliza: nikimzoesha dunia kabla ya chanjo kukamilika, si nitamletea pavo? Ndiyo maana nilisema barazani. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba mazoea yaanze kabla chanjo zote hazijakamilika, maana kuchelewa nako kuna madhara yake. Kwa mazingira yetu, abebwe mikononi njiani, wageni waje kwake, na asikanyage mnadani, mwaloni wala jalalani, mahali ambapo mbwa wengi wasiojulikana hupita. Akitaka kucheza na mbwa mwingine, awe wa jirani aliyechanjwa.

Watoto wa kaya wapewe masharti machache wanayoweza kuyashika: asiguswe akila, asiamshwe kwa kuvutwa, asibebwe na mtoto mdogo aliyesimama. Akitafuna vidole, mchezo unakoma na anapewa gunzi. Jino likitoboa ngozi, hata likiwa la kibwa kizuri kisichoonekana kuumwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa. Mganga, pilipili na mafuta ya taa havina kazi hapo.

Kwa majirani Waislamu, ambao wengi wao huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, adabu inatosha: mbwa wa kulinda au wa mifugo hana kikwazo kwao, bali yule anayelamba vyombo vyao na kugusa nguo ya mtu anayekwenda kuswali. Mfundishe kutokurukia watu angali mdogo, kwa kumnyima macho na mkono hadi miguu yake yote minne iwe chini.

Kuanzia miezi mitatu avishwe kamba laini shingoni kwa dakika chache kila siku, kwanza akiiburuta, kisha ikishikwa, mpaka aweze kutembea nayo hadi ulipo mti wa chanjo na kurudi bila kuvutana. Awe na washikaji wawili au watatu, si mmoja, kwa kuwa kijana aliyemlea anaweza kwenda bweni na mchungaji akahama na ng'ombe, na chanjo inatakiwa kurudiwa baada ya mwaka. Kadi yake iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku akimng'ata mtu, hiyo ndiyo itakayoulizwa hospitalini, na mbwa mwenyewe atatakiwa kufungwa na kuangaliwa kwa siku kumi.